Kosa Liko Wapi? Mwongozo wa kusaka na kurekebisha makosa ya aina katika OCaml

Swali hili hunijia kwa sura nyingi, lakini ni lilelile: "Kompaila inasema kosa liko mstari wa 7. Nimeukagua mstari wa 7 mpaka macho yanauma na sioni kitu. Nifanyeje?" Huja na picha ya skrini, mara nyingi usiku, na anayeuliza karibu kila mara ameshabadilisha vitu vitano kabla ya kuuliza, kwa hiyo kosa la mwanzo halionekani tena. Nimewajibu watu mmoja mmoja kwa muda mrefu. Hapa naweka jibu lote pamoja, kwa mpangilio ninaoufuata mimi mwenyewe nikiwa mbele ya kompyuta.

Nimechagua lugha ya programu ya OCaml kwa sababu ndiyo ninayofundishia, na kwa sababu ujumbe wake ni mfupi. Anayetumia Haskell asiondoke. Hatua ni zilezile, na karibu na mwisho nimeandika zinapotofautiana.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- OCaml yenyewe, iliyowekwa kupitia opam (programu inayosakinisha OCaml na vifaa vyake). Toleo la 4.14 au lolote la 5 linatosha.
- Vifaa vitatu: `opam install dune utop ocaml-lsp-server` (`dune` hujenga programu, `utop` ni ya kujaribia msimbo papo hapo, `ocaml-lsp-server` hukipa kihariri habari za aina)
- Kihariri kinachoonyesha aina ukiweka kishale juu ya jina. Kwenye VS Code, weka kiendelezi kinachoitwa OCaml Platform. Vim na Emacs nazo zinafanya kazi hiyo vizuri.
- Nakala ya msimbo wako kabla hujagusa kitu. Kama unatumia git, fanya commit sasa hivi. Kama hutumii, nakili faili tu.
- Karatasi na kalamu. Sisemi kwa mapambo, utavitumia kwenye hatua ya 2.

Maneno nitakayotumia: *kompaila* ni programu inayokagua msimbo wako na kuugeuza uwe programu inayokimbia. *Aina* ni jibu la swali "hiki ni kitu gani?", yaani namba kamili (`int`), desimali (`float`), stringi (`string`), orodha ya namba (`int list`), na kadhalika. *Hoja* ni kitu unachoipa funksheni. *Kigeu cha aina* ni zile `'a` na `'b`, maana yake "aina yoyote, bado haijaamuliwa".

Nadharia, kidogo tu

OCaml haikulazimishi kuandika aina. Inazikisia yenyewe: inapita kwenye msimbo wako, kila matumizi ya jina yanaipa kidokezo, na inaviunganisha vidokezo hivyo mpaka viwili vigombane. Njia hii aliieleza Robin Milner wa Edinburgh mwaka 1978, na hadi leo ndiyo msingi wa OCaml, Haskell na ndugu zao.

Hapo ndipo shida inapoanzia. Kompaila inaripoti mahali ugomvi ulipogundulika. Haijui ni upande upi ulioanza. Wahenga walisema mwiba hutokea ulipoingilia, ila kosa la aina haliko hivyo, huingia kwa mlango wa mbele likatokea dirisha la jikoni. Watu wa fani hii wanalijua hilo muda mrefu; mwaka 1986 Mitchell Wand alikuwa tayari anaandika juu ya namna ya kumfikisha mwandika programu kwenye chanzo halisi. Nadharia inaishia hapo.

Mfano tutakaotembea nao

Andika faili hili, liite `duka.ml`. Tunataka kugeuza orodha ya bei ili ya mwisho iwe ya kwanza.

```ocaml
let rec geuza l =
  match l with
  | [] -> []
  | h :: t -> geuza t @ h

let bei_za_leo = [2800; 1500; 3200]
let kinyume = geuza bei_za_leo
```

Kompaila inajibu, ikionyesha `bei_za_leo` kwenye mstari wa 7:

```
Error: This expression has type int list
       but an expression was expected of type 'a list list
       Type int is not compatible with type 'a list
```

(Matoleo mapya hubadilisha maneno ya mwanzo kidogo, lakini maana ni ileile.)

Kama umeshaona kosa lilipo, vizuri. Kama hujaona, twende pamoja.

Hatua ya 1. Soma kosa la kwanza tu, ulisome lote

Kompaila ya OCaml husimama kwenye kosa la kwanza la aina katika faili. Kihariri chako, kwa nia njema, huendelea na kuchora mistari myekundu hata mahali ambapo pameharibika kwa sababu ya kosa la juu. Achana na hiyo ya chini. Rekebisha la kwanza, jenga tena, kisha tazama.

Na usiishie mstari wa kwanza wa ujumbe. Mara nyingi ule wa tatu, unaoanza na `Type ... is not compatible`, ndio wenye habari. Mistari miwili ya juu inakuonyesha nyumba mbili nzima, wa tatu unakuonyesha matofali mawili yasiyolingana.

Ninapendelea kujenga kwenye terminali kwa `dune build --watch` na kuiacha wazi pembeni. Kila ukihifadhi faili, inajenga tena yenyewe.

Hatua ya 2. Geuza ujumbe uwe sentensi ya Kiswahili, uiandike kwenye karatasi

Ujumbe wa OCaml una umbo moja: *this expression has type X but an expression was expected of type Y*. Uandike hivi:

> Nimeleta X. Kuna mtu anadai Y. Anayedai ni nani?

Kwa mfano wetu: "Nimeleta orodha ya namba. Kuna mtu anadai orodha ya orodha. Anayedai ni `geuza`."

Swali la tatu ndilo watu wanaloliruka. Wanakitazama kilicholetwa, maana ndicho kilichopigiwa mstari mwekundu, na hawamuulizi anayedai. Mimi huanza na anayedai. Kitu ulicholeta, kama `[2800; 1500; 3200]`, kwa kawaida unakijua vizuri kwa sababu umekiandika kwa mkono wako. Madai yamekisiwa, na yamekisiwa kutokana na msimbo mwingine ambao nao uliuandika wewe.

> Tahadhari. Usirekebishe kitu chochote kabla ya kuandika sentensi hii. Kijana mmoja ninayemsaidia alikutana na ujumbe huuhuu akabadilisha orodha ikawa `[[2800]; [1500]; [3200]]`. Kompaila ikanyamaza, na matokeo yakawa sahihi kabisa: `[3200; 1500; 2800]`. Aliamini amemaliza. Wiki moja baadaye kila mahali alipotaka kugeuza orodha ilibidi avifunge vitu vyake kimoja kimoja kwenye mabano, na hakukumbuka tena kwa nini. Kompaila kunyamaza maana yake ni kwamba ugomvi umeisha. Aliyekuwa na haki anaweza kuwa ndiye aliyenyamazishwa.

Hatua ya 3. Uliza aina halisi, usikisie

Sasa muulize anayedai ajitambulishe. Zipo njia tatu.

Ya kwanza, weka kishale juu ya jina `geuza` kwenye kihariri. Utaona:

```
'a list list -> 'a list
```

Ya pili, fungua `utop`, bandika funksheni hiyo peke yake, malizia kwa `;;`, na aina itachapishwa. Kwa funksheni za maktaba andika `#show List.fold_left;;`.

Ya tatu, `ocamlc -i duka.ml` huchapisha aina za kila jina la juu katika faili. Ila hii hufanya kazi pale tu faili zima linapokubalika, kwa hiyo ondoa kwanza kwa muda mistari yenye kosa (mistari ya 6 na 7 hapa).

Isome aina hiyo kwa sauti: "Naipa orodha ya orodha, inanirudishia orodha." Je, hicho ndicho unachokiita kugeuza? Kugeuza orodha kunapaswa kuchukua orodha ya vitu fulani na kurudisha orodha ya vitu vilevile: `'a list -> 'a list`. Kwa hiyo kosa haliko mstari wa 7. Liko ndani ya `geuza`, na kompaila iliipitisha `geuza` bila neno kwa sababu ndani yake hakuna ugomvi wowote. Ni funksheni halali, ila siyo uliyoikusudia.

Ukizoea kusoma aina, zitakuambia mambo mengi hata kabla ya kosa kutokea. Funksheni inayorudisha `'b` ambayo haionekani popote upande wa hoja, mfano `'a -> 'b`, karibu kila mara ni funksheni isiyorudi kamwe: inajiita bila mwisho, au inarusha eksepsheni. Ukiona hivyo, simama uitazame.

Hatua ya 4. Andika kusudio lako

Hii ndiyo hatua yenye nguvu kuliko zote. Kompaila haiwezi kujua ulichokusudia mpaka uiambie. Iambie:

```ocaml
let rec geuza (l : 'a list) : 'a list =
  match l with
  | [] -> []
  | h :: t -> geuza t @ h
```

Jenga tena. Kosa limehama. Sasa limesimama kwenye ile `h` ya mwisho ya mstari wa 4:

```
Error: This expression has type 'a but an expression was expected of type
         'a list
       The type variable 'a occurs inside 'a list
```

"Nimeleta kitu kimoja. Kuna mtu anadai orodha. Anayedai ni `@`." Bila shaka, `@` huunganisha orodha mbili, na `h` ni kitu kimoja. Kilichokosekana ni mabano:

```ocaml
  | h :: t -> geuza t @ [h]
```

Herufi mbili tu. Lakini angalia safari yenyewe: tulianzia mstari wa 7, tukaishia mstari wa 4, na kilichotufikisha huko ni kuandika aina tuliyoitaka. Ndiyo maana nawashauri wanaoanza waandike aina kwenye kila funksheni ya juu ya faili, hata kama lugha haiwadai. Aina iliyoandikwa ni ukuta: kosa la ndani linabaki ndani, la nje linabaki nje.

> Tahadhari kubwa kuhusu `'a`. Katika OCaml, ukiandika `'a` kwa namna ya hapo juu, hujasema "aina yoyote ile". Umesema "aina fulani, kompaila itajaza". Jaribu hii:
>
> ```ocaml
> let rudisha (x : 'a) : 'a = x + 1
> ```
>
> Inakubalika bila malalamiko, na aina yake inakuwa `int -> int`. Ukitaka kweli kusema "kwa kila aina", andika hivi:
>
> ```ocaml
> let rudisha : 'a. 'a -> 'a = fun x -> x + 1
> ```
>
> Sasa kompaila inakataa, kama inavyopaswa. Hiyo nukta baada ya `'a` ndiyo inayobeba neno "kila". Katika `geuza` tuliponea kwa sababu tu `'a` ilitakiwa kuwa sawa na `'a list`, jambo lisilowezekana kwa aina yoyote.

Hatua ya 5. Funksheni ikiwa ndefu, ziba nusu

Wakati mwingine aina umeziandika zote na bado huoni. Hapo tumia `failwith "bado"`. Usemi huu una aina `'a`, yaani unakubalika popote. Ni kizibo: ukikiweka mahali pa kipande cha msimbo, kipande hicho kinaacha kutoa madai yoyote.

Chukua mfano huu wa risiti:

```ocaml
let tafuta_punguzo mteja =
  List.assoc_opt mteja [("Asha", 500); ("Juma", 300)]

let risiti (mteja : string) (jumla : int) : string =
  let punguzo = tafuta_punguzo mteja in
  let kulipwa = jumla - punguzo in
  mteja ^ ": " ^ string_of_int kulipwa
```

Kosa linaonyeshwa kwenye `punguzo`, ndani ya mstari wa `kulipwa`. Tuseme hatujui linatoka wapi. Ziba mstari mmoja:

```ocaml
  let punguzo = failwith "bado" in
```

Jenga. Kosa limeondoka. Basi mgomvi mmoja ni ule uliouziba. Kama lingebaki, ungekirudisha kipande hicho na kuziba kingine. Katika funksheni ya mistari arobaini, ziba nusu ya chini kwanza, halafu nusu ya iliyobaki, na kadhalika. Mara tano au sita zinatosha kukufikisha kwenye mstari mmoja.

Mara moja moja `dune` italalamika kwamba kuna jina lisilotumika. Hilo ni onyo lililopandishwa cheo, siyo kosa la aina. Jenga kwa muda kwa `dune build --profile release` uendelee na msako.

> Tahadhari. Ukimaliza, tafuta neno `bado` katika faili zima na uhakikishe halipo. Kizibo kilichosahauliwa kinakompaili vizuri, halafu programu inaanguka mbele ya mtumiaji.

Hatua ya 6. Amua nani ana haki, ndipo urekebishe

Sasa unawajua wagomvi wote wawili. Tukiuliza aina ya `tafuta_punguzo`, tunaona `string -> int option`. Neno `option` maana yake "huenda ipo, huenda haipo", kwa sababu si kila mteja ana punguzo. Na `-` inadai `int`, namba iliyopo kweli.

Nani ana haki? Wote wawili, kwa kweli. Kilichokosekana ni uamuzi: mteja asiye na punguzo atendewe nini? Hilo ni swali la duka, kompaila haiwezi kukujibia. Kama jibu ni "punguzo lake ni sifuri", andika:

```ocaml
  let punguzo = Option.value (tafuta_punguzo mteja) ~default:0 in
```

Kama jibu ni "risiti iandike kwamba hajasajiliwa", basi `Option.value` siyo dawa. Unahitaji `match` yenye matawi mawili, na kila tawi liwe na maneno yake. Nimeona watu wengi wakichukua `~default:0` kwa sababu tu ni fupi. Katika hesabu za fedha za watu, sifuri iliyotoka hewani ni kosa baya kuliko lile la aina, maana halina mstari mwekundu.

Rekebisha upande mmoja, jenga, tazama. Kosa jipya likitokea mahali pengine, usihesabu kwamba umeshindwa: mara nyingi ni ugomvi wa pili uliokuwa umefunikwa na wa kwanza. Rudi hatua ya 1.

> Tahadhari. Usitupie `string_of_int`, `float_of_int` au mabano ya orodha hapa na pale mpaka kompaila inyamaze. Na ukikuta mahali fulani umeshauriwa kutumia `Obj.magic`, usiitumie. Inaizima hukumu ya kompaila, na data yako inaweza kuharibika kimyakimya programu ikiwa inakimbia.

Hatua ya 7. Tazama aina kwa mara ya mwisho, ujaribu kwa data ndogo

Weka kishale tena juu ya `geuza`. Ni `'a list -> 'a list`? Vizuri. Kisha `utop`: jaribu `geuza []`, `geuza [1]`, `geuza [1; 2; 3]`. Aina ikikubali haimaanishi jibu ni sahihi. Funksheni inayorudisha `[]` siku zote inakubalika pia kama `'a list -> 'a list`.

Ukikwama: makosa yanayojirudia

Haya ndiyo ninayoulizwa zaidi. Tafuta linalofanana na lako.

*"This expression has type unit but an expression was expected of type string", kwenye mstari wa kuchapisha.* Umeandika `print_endline "Jumla: " ^ string_of_int 5`. `unit` ni aina ya amri isiyorudisha kitu cha maana. Katika OCaml kuiita funksheni kunatangulia karibu kila opereta, kwa hiyo imesoma `(print_endline "Jumla: ") ^ ...`. Weka mabano: `print_endline ("Jumla: " ^ string_of_int 5)`.

*"This expression has type int -> int but an expression was expected of type int", na jina la funksheni ndilo lililopigiwa mstari.* Tazama kama umeandika `ongeza -1`. Imesomwa kama "ongeza kutoa moja". Andika `ongeza (-1)`. Kama hakuna alama ya kutoa, huenda hujaipa funksheni hoja zake zote. Ihesabie mishale.

*"It is applied to too many arguments; maybe you forgot a `;'."* Mara nyingi umesahau nukta mkato kati ya amri mbili, au umeandika `print_int x` peke yake chini ya `let x = kokotoa 5` katika ngazi ya juu ya faili, na OCaml ikaviunganisha kuwa kitu kimoja. Andika `let () = print_int x`.

*Orodha yako ina aina `(int * int * int) list`.* Umetenganisha vitu kwa mkato badala ya nukta mkato. `[1, 2, 3]` ni orodha ya kitu kimoja, nacho ni jozi ya vitatu. Sahihi ni `[1; 2; 3]`. Hili huwapata hasa waliotoka Python.

*`int` na `float` zinagombana kwenye hesabu.* `+` na `*` ni za namba kamili tu, `+.` na `*.` ni za desimali. OCaml haibadilishi moja kuwa nyingine kwa siri. Kwa bei, ushauri wangu ni kubaki na `int` na kuhesabu kwa kipimo kidogo kabisa cha fedha unayotumia. Desimali za kompyuta haziwezi kushika 0.1 barabara.

*"...because it is in the result of a conditional with no else branch."* `if` bila `else` lazima irudishe `unit`. Ongeza `else`.

*Tawi la `match` linakataliwa: "There is no constructor Bure within type option".* Una `match` ndani ya `match` bila mabano. Hili linastahili kuonekana:

```ocaml
  match malipo with
  | Taslimu kiasi -> kiasi
  | Mkopo jina ->
      match List.assoc_opt jina madeni with
      | Some d -> d
      | None -> 0
  | Bure -> 0
```

Macho yako yanafuata nafasi za pembeni, kompaila haizifuati. Kwake `Bure` ni tawi la `match` ya ndani. Izungushie `match` ya ndani mabano, kuanzia kabla ya neno `match` hadi baada ya `0`. Mimi huweka mabano kila `match` inapokaa ndani ya nyingine, hata ikiwa ndiyo ya mwisho, kwa sababu kesho mtu ataongeza tawi chini yake.

*Funksheni ya `fold` haikubali hata kidogo.* `List.fold_left` huipa funksheni yako jumla kwanza, kisha kitu. `List.fold_right` huipa kitu kwanza, kisha jumla. Na yenyewe nayo inapanga hoja tofauti: ya kwanza inataka thamani ya kuanzia kisha orodha, ya pili orodha kisha thamani ya kuanzia. Sijaribu kukumbuka. Naandika `#show` kila mara.

*Aina mbili zenye jina moja zinagombana, mfano `bidhaa/1` na `bidhaa/2`.* Uko ndani ya `utop` na umetangaza `type bidhaa` mara mbili. Thamani za zamani bado zinafuata tangazo la zamani. Funga `utop`, ufungue upya.

*Unaona `'_weak1`.* Hii ni aina ambayo bado haijaamuliwa, lakini itaamuliwa mara moja tu, kwenye matumizi ya kwanza. Hutokea kwa `let kumbukumbu = ref []` na kwa `let f = List.map g` pale `g` inapokubali aina yoyote. Ya kwanza iandikie aina: `let kumbukumbu : int list ref = ref []`. Ya pili ipe hoja yake waziwazi: `let f l = List.map g l`.

*"The type variable 'a occurs inside ..."* Umedai kitu kiwe sawa na orodha au funksheni inayokibeba. Tafuta mahali ulipochanganya kitu na orodha yake: `::` badala ya `@`, au kinyume chake, au `h` na `t` zilizobadilishana nafasi.

Ukiwa kwenye Haskell

Hatua zote saba zinasimama, na vifaa vimeongezeka. Badala ya `failwith "bado"` weka `_` mahali pa kipande, na GHC, kompaila ya Haskell, itakuambia aina inayotakiwa hapo pamoja na majina yaliyopo yanayoweza kufaa. `:t` ndani ya GHCi hufanya kazi ya kuuliza aina. Alama ya `-fdefer-type-errors` hugeuza makosa ya aina kuwa maonyo, ili uweze kujaribu sehemu iliyo nzima wakati nyingine ikisubiri.

Tofauti mbili zitakusumbua. Kwanza, kigeu cha aina ulichokiandika kwenye tamko la Haskell kina maana ya "kila aina" tangu mwanzo. Ujumbe wenye maneno `rigid type variable` unasema: umeahidi aina yoyote, lakini mwili wa funksheni yako unaifunga kwenye moja. Pili, namba hazina aina moja. Ukijumlisha stringi na 3, GHC hailalamiki kwamba stringi si `Int`. Inasema `No instance for Num`, yaani imedhani unataka stringi iwe aina mojawapo ya namba na haikuona mahali ilipotangazwa hivyo. Ukiona ujumbe huo usiende kuandika `instance`. Tafuta stringi iliyoingia kwenye hesabu.